Chai ya Maganda ya Chungwa

Hadi leo nikimenya chungwa, aibu hunipanda masikioni, kisha nacheka peke yangu. Miaka ile ya sabini, nikiwa nimeolewa juzi tu pale Bulla Pesa, ugonjwa wangu ulikuwa chai ya matunda. Nilianika maganda ya machungwa juu ya mabati, nikayachemsha na majani ya chai, nikakamulia ndimu, nikaonja na kuonja hadi ulimi ukafa ganzi. Bila maziwa ilikuwa tamu ajabu.

Siku moja mama mkwe, Mungu amrehemu, alifika kutoka Kinna na wifi zangu, amebeba kibuyu cha maziwa. Nikaona hapa ndipo pa kujishaua. Lakini kumpa mama wa Kiborana chai ya rangi ni kumwambia mwanawe hana hata mbuzi. Basi mimi, mwerevu wa mji mzima, nikamimina maziwa yake yote ndani ya sufuria ya ndimu.

Yakakatika papo hapo, mabonge meupe yakaelea. Maziwa mengine hakuna, nikapeleka hivyo hivyo.

"Hii nyeupe ni nini?" wifi mmoja akauliza.

"Siagi," nikajibu bila haya. "Nimewawekea kwa heshima."

Mama mkwe akafurahi. Akachota bonge, akalipuliza, akajipaka nywele, kama wafanyavyo kina mama wa kwao wakipata siagi nzuri. Likavunjika, maji ya ndimu yakamtiririka hadi jichoni.

"Mwanangu," akasema, jicho moja amelifumba, "hii siagi yako umekamua ng'ombe ama umekamua mti?"