Tulikwenda Muscat kutembea tu, mke wangu akaitwa dada wa mtu

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili nimeona niliandike kabla halijafifia kichwani. Picha sina, na hata ningekuwa nazo nisingeziweka, maana ni nyumba ya watu. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi ni fundi friji Morogoro, mke wangu Rehema anafundisha shule ya msingi. Hatuna gari wala kiwanja. Tuna ugonjwa mmoja tu, kusafiri kwa bei chee. Kila mtu na backpack yake, basi.

Safari hii ilikuwa Oman. Rafiki yangu wa zamani, nimwite Side, ni makanika Wadi Kabir. Alituachia chumba chake, yeye akaenda kubanana na wenzake.

Kwa wasiopajua, Wadi Kabir siyo ile Muscat ya kwenye matangazo. Ni gereji, matairi, na ovaroli zimeanikwa kwenye kila dirisha. Sisi tulipapenda.

Siku ninayoisimulia hatukuwa na plan yoyote. Tuliamka taratibu, tukanywa chai ya maziwa na chapati kwenye mgahawa wa Wahindi, tukachukua teksi ya kuchangia mpaka Mutrah.

Tukatembea kando ya bahari. Tukaingia soko la samaki, Rehema akasimama muda mrefu akiangalia jodari wanavyokatwa. Jua lilipokuwa kali tukakimbilia duka la juisi, tukaagiza glasi moja ya embe na mirija miwili. Ndiyo budget yenyewe hiyo.

Meza ya jirani alikaa mama mmoja wa Kiomani, wa makamo, ndani ya abaya nyeusi. Sisi tulikuwa tunaongea kwa sauti, kwa ule uhuru wa mtu anayejua haeleweki.

Rehema akasema, "Huyu mama ananukia kama harusi nzima."

Yule mama akageuka. "Ahsante, mwanangu. Udi huo nnachanganya mwenyewe."

Wakuu, tulitafuta pa kuingia. Rehema akamwamkia shikamoo huku kainamisha uso, mama akaitikia marahaba anacheka, akahamia mezani kwetu.

Nimwite Bi Asya. Kazaliwa hapo hapo Muscat, ila wazazi wake walitoka Unguja, na kwao Kiswahili ndicho cha nyumbani. Alituuliza tumetoka wapi, tumefikia kwa nani, tunakula nini. Baadaye akatuambia habari za mama yake.

Mama yake ni mtu mzima sana, na kumbukumbu zinamtoka. Kiarabu kilitangulia kuondoka. Sasa amebaki na Kiswahili cha usichana wake tu, na wajukuu wanakielewa lakini wanajibu Kiarabu. Chakula anakataa. Akisikia sauti ngeni inasema Kiswahili, huchangamka kidogo.

"Njooni mumsalimie," akasema. "Mtakula na sisi, kisha ntakurudisheni."

Mimi nilisita. Tumesikia mengi kuhusu wageni wanaochukuliwa na watu wasiowajua. Nikampigia Side, akasema familia za namna hiyo ni nyingi huku na ni watu wa kawaida kabisa, ila nimtumie location. Nikatuma.

Nyumba ilikuwa Bawshar, humo humo Muscat, kubwa, tulivu, zulia kila mahali. Bibi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mwembamba, kanga mabegani, macho yako mbali. Bakuli la supu lilikuwa pembeni yake, halijaguswa.

Nilimsalimia mimi kwanza. Akanitazama kama mtu anayesubiri fundi aondoke.

Rehema akapiga magoti, akamshika mkono, akasema shikamoo bibi.

Bibi akamtazama sana. Halafu akasema, "Zuwena. Umekuja."

Bi Asya alikuwa nyuma yetu. Akatunong'oneza kwamba Zuwena ni dada mkubwa wa mama yake. Mama yake aliondoka Unguja, Zuwena akabaki, hawakuonana tena. Zuwena keshafariki. Walishamwambia bibi mara nyingi, na kila akiambiwa hulia msiba upya, kwa hiyo wameacha kumwambia.

Rehema akanigeukia. Ninamjua mke wangu. Ni mtu ambaye hata mtoto wa darasa la kwanza akimuuliza kama mchoro wake ni mzuri, hadanganyi. Mimi nilitikisa kichwa, kwamba usifanye. Niliona hayatuhusu.

Bibi akaendelea. "Nliondoka sijakuaga. Bado umeghadhibika na mimi?"

Rehema akamgeukia tena bibi.

Rehema akasema, "Hapana. Sijaghadhibika."

Bibi hakulia wala hakutabasamu. Alivuta pumzi, akaangalia lile bakuli kama ndiyo kwanza analiona. Rehema akachukua kijiko. Bibi akala, wakuu. Alikula supu yote, akaomba na mkate. Bi Asya akaenda jikoni, na alikaa huko muda.

Nilipogeuka ndipo nikaona kuna mwanamume amesimama mlangoni, kanzu nyeupe, funguo za gari mkononi. Ni Nassor, kaka yake Bi Asya. Alitusalimia kwa adabu, akakaa mbali.

Tulikula wali na samaki. Bibi alilala huku kashika kidole cha Rehema. Jioni Nassor akasema atatupeleka yeye.

Tulipokaribia Wadi Kabir akapaki pembeni, akazima gari.

"Khalati yangu Zuwena nlimpigia simu mimi, karibu na mwisho wake," akasema. "Nlimwomba amwambie mama kuwa kamsamehe. Akakataa. Kafa kakataa. Sijamwambia mtu, hata Asya."

Rehema, kwenye kiti cha nyuma, akasema hakujua.

"Najua hukujua. Nlikuwepo mlangoni, nikasikia mama anauliza. Ningeweza kukuzuia." Akawasha gari. "Sikukuzuia."

Alitushusha, akatushukuru, akaondoka.

Kesho yake tulikwenda Qurayyat, mji wa pwani nje ya Muscat, kama tulivyokuwa tumesema siku nyingi. Tulikaa chini ya mitende tunakula mkate na jibini. Nikamuuliza Rehema kama anajuta.

Akasema, "Sijuti, bibi amekula. Lakini yule dada naye alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nimemsemea."

Mimi niliyetikisa kichwa, leo nikikumbuka lile bakuli lilivyokuwa tupu, sina uhakika tena na kichwa changu.

Nilichojifunza: Muscat ukitaka kumsema mtu, usitumie Kiswahili. Hilo ni jepesi. La pili ni kwamba neno dogo la huruma linaweza kuwa mali ya mtu mwingine, na unaweza ukalitoa bila kujua.

Mliowahi kuuguza wazee wa namna hii, naomba uzoefu wenu. Akikuita kwa jina la marehemu, huwa mnaitika? Rehema anasoma hapa pembeni yangu, na yeye anataka kujua.