Matairi Manene ya Ndege ya Koboko

Miaka ile ya sabini nilikuwa nimekaa katika ofisi ya uwanja wa ndege wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikingojea mzigo. Rubani wa ndege ndogo ya wagonjwa na fundi wake walikuwa wakichagua matairi: membamba au manene?

"Hii nene iko nzito," fundi alisema. "Ndege itaenda polepole, na mafuta itakula mingi."

Rubani akaanza kuyavuta yale membamba. Hapo mkunga wa Koboko, mji mdogo wenye kiwanja cha udongo, aliyekuwa akingoja dawa zake, akasimama.

"Kapteni, ile siku ya mvua wewe ilizunguka juu, ikarudi. Mimi ilikuwa chini na mama iko na uchungu. Tulipungia wewe leso."

"Mama, kiwanja ilikuwa matope tupu. Magurudumu hii membamba ingezama."

"Najua."

Rubani akauliza, "Na yule mama?"

"Yeye iko. Mtoto hapana."

Rubani aliyaachia matairi membamba, akainama, akamsukumia fundi yale manene.

Msimu wa mvua ulinikuta Koboko. Ndege ilikuja taratibu, ikashuka, ikawarushia matope wazee waliovaa kanzu nyeupe, ikasimama. Wazee walicheka, wanawake wakapiga vigelegele. Mkunga hakungoja vigelegele viishe; alikuwa tayari ameshika machela yenye mama mjamzito.

Siku hizi nawasikia watu wakisifu ndege kwa mwendo. Mimi bado nazisifu kwa kushuka.