Jakuzi wa Ukoo Gani?

Bartholomeo Ngassa alibomoa ukuta wa chumba cha mke wake, Philomena, mvua zikiwa zinanukia, ili atoe jakuzi akampelekee mwanamke mwingine huko Chato. Hilo ndilo kosa lenyewe, na halina haja ya kupambwa. Hakuwa amelewa, hakuwa amerogwa, wala hakutumwa na serikali. Alikuja na lori la Fuso asubuhi kweupe, viatu vimeng'arishwa, akabomoa.

Asiyelijua jakuzi aelezwe. Ni beseni kubwa la plastiki ngumu, refu kuliko kitanda, lenye mashine ya kuchemsha maji na kuyatoa mapovu. Mtu anaingia, anakaa, anachemka kama kiazi, kisha anatoka akisema amepumzika. Ngassa alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama upande wa Bulyanhulu, mwaka ule duara lake, yaani shimo lake la uchimbaji, lilipotema dhahabu. Wanaume wengine duara likitema hununua ng'ombe. Ngassa alinunua beseni.

Wakati huo Philomena alikuwa anafyatua matofali. Shule hakuiona, baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na wachungaji wachache, basi kusoma kwake kukawa kuwatofautisha ndama. Alipoolewa alijifunza udongo: kuukanyaga, kuujaza kwenye kibao cha kufyatulia, kupanga tanuru, kuchoma. Nyumba yao pale Samuye, hakuna tofali ambalo halikupita mikononi mwake. Ngassa alileta bati na maneno. Na kwa kuwa jakuzi lilifika kabla kuta hazijapanda, liliwekwa kwenye kiwanja na chumba kikajengwa kulizunguka, kama watu wanaojenga kanisa kuizunguka altare. Kitanda cha wenye nyumba kilipewa kona iliyobaki.

Maji ya bomba hayakuwepo. Alikuwepo Philomena. Alibeba kutoka kisimani, ndoo baada ya ndoo, mpaka Ngassa aseme sasa yanatosha, kisha aongeze kidogo. Mashine ikiwashwa, taa za kitongoji kizima zilififia, na majirani wakaambiana mezani kwamba bwana mkubwa anaoga. Wakaliita josho. Kwao chombo ambacho kiumbe mzito anaingia mzima mzima kwenye maji ni kile cha kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe, na hawakuona tofauti ya kuwasumbua. Ngassa alinuna. Alisema watu wa Samuye hawana ustaarabu. Philomena mwenyewe hakuwahi kuingia humo ila akiwa na brashi, kusugua.

Baadaye Ngassa alihamia Geita kwa shughuli, shughuli zikahamia Chato, na shughuli yenyewe ikajulikana kuwa inaitwa Mariana. Akamjengea nyumba inayotazama ziwa. Mtu mwenye Ziwa Viktoria zima mbele ya baraza yake, na bado akakosa mahali pa kuoga! Ndipo Ngassa akakumbuka kwamba ana mali Samuye.

Alipofika na Fuso lake, na vijana wa duara wamekaa juu, ilikuwa imepita misimu ya pamba isiyopungua miwili tangu akanyage pale. Philomena alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Ngassa alitazama nyumba, akatazama mlango.

"Mama Asteria, jakuzi halijambo?"

"Halijambo. Linakusalimu."

Aliingia bila kuvua viatu. Jakuzi lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kwa sababu Philomena hakuwa mtu wa kuacha chombo kisichoingia panya kikae kitupu.

"Nini hiki?"

"Mpunga."

"Umeweka mpunga ndani ya jakuzi?"

"Ulitaka niweke samaki? Samaki si wako huko Chato?"

Vijana walicheka, Ngassa akawatazama, wakaacha. Aliwaamuru wauchote mpunga wote waumwage sakafuni, chakula cha mwaka, na kuku wa Philomena, ambao hawana mume wa kuwachosha, wakaja mbio kusaidia. Kisha wakaliinua jakuzi upande mmoja, wakalisogeza hadi mlangoni, wakaligeuza hivi, wakaligeuza vile. Kijana mmoja akajikuna kichwa.

"Bosi, halipiti."

"Litakosaje kupita? Liliingiaje?"

"Liliingia kabla ya mlango," alisema Philomena.

Ngassa alizunguka nje. Aliutazama ukuta wa chumba kama daktari anayetafuta pa kupasua, akaupapasa, akaugonga kwa kiganja.

"Tunatoa matofali machache tu. Hapa katikati."

"Machache kiasi gani?"

"Ya kupitisha."

"Na kuyarudisha?"

"Kesho kutwa naleta fundi."

"Baba Asteria, ukuta huu ndio umebeba paa. Mvua iko hapo Tinde. Ikinikuta hivi, nyumba inalala chini."

"Mvua ya mwaka huu inachelewa. Wametangaza redioni."

"Basi mwambie huyo aliyetangaza aje alale yeye chumbani kwangu."

Nyundo ikaanza kazi. Ukweli usemwe, Ngassa ni mtu mwenye huruma. Ni suala la huruma yenyewe kuelekezwa wapi. Tofali lilipoanguka na kupasuka hakugeuka. Lakini kipande kilipoliparuza jakuzi ukingoni, alipiga kelele kama aliyeguswa jicho.

"Taratibu! Taratibu jamani, mnaliumiza! Lifike salama!"

Lifike salama. Alilisema neno hilo mpaka likaota ndevu. Mashine aliitoa kwanza, akaifunga ndani ya blanketi, akaifunga tena ndani ya kanga ya Philomena iliyokuwa inaanikwa, akaiweka kiti cha mbele karibu na dereva, mahali ambapo mke wake hajawahi kukaa. Mipira ya maji aliiziba kwa matambara. Kisha akaona sakafu ya Fuso ni ya chuma na njia ya Kahama hadi Bwanga ina makorongo yake, akaingia chumbani, akavuta godoro kitandani.

"Hilo ni godoro langu," alisema Philomena.

"Jakuzi litalilalia njiani, lisipate ufa. Nitalirudisha."

"Na ukuta?"

"Na ukuta."

"Na wewe mwenyewe, nawe utarudishwa?"

Ngassa akaenda kukagua kamba.

Philomena alikaa chini hapo uani, akaweka mikono kichwani. Hakuwa anaigiza. Aliona mtambaapanya, boriti ya paa, unaning'inia hewani na kupitia lile tundu aliona kitanda chake kitupu, na mpunga, na kuku. Mbele yake vijana walilifunika jakuzi kwa turubai ili jua lisilipaukishe, wakapitisha miti miwili chini yake, wakaliinua mabegani. Wachimbaji wakibeba kitu kizito wana mwendo wao: wanatembea hatua fupi, wanaguna wimbo wa chini chini ili miguu iende pamoja, na hakuna anayeongea. Ngassa alitangulia, kofia mkononi kwa sababu ya jasho, akiwaonyesha njia.

Sasa jirani yake Euphrasia alikuwa ng'ambo ya shamba la pamba, anapalilia. Akainua kichwa. Aliona kitu kirefu kimefunikwa, kinatolewa nyumbani kwa mwenzake kwenye mabega ya wanaume, tena kwa ukutani na si kwa mlangoni, jambo linalofanyika tu kama kifo chenyewe kina makubwa yake. Aliona Ngassa, mtu asiyeonekana, ameonekana, tena kavua kofia. Akamwona Philomena chini, mikono kichwani. Euphrasia alitupa jembe.

"Mayu waneee!" alilia, yaani mama yangu, akapiga yowe ambalo Samuye nzima inalijua maana yake.

Na pale kijijini yowe la msiba halijibiwi kwa kuuliza. Asiyekuja kwenye msiba wa mwenzake, siku akifiwa yeye, atazika peke yake. Sungusungu, walinzi wa kijiji, watahakikisha hivyo. Basi watu walitoka. Wanaume walikuja na majembe na sururu za kuchimbia kaburi, wanawake wakaja na kuni kichwani, na unga, na ndoo za maji, wengine wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani. Ukumbi haukuwepo, wakaujaza ua. Dereva wa Fuso, Masudi, mtu wa Tanga, alizima injini, akavua kofia, akashuka.

"Washa gari tuondoke!" Ngassa alifoka.

"Mbele ya wafiwa, bosi? Mimi nina wazazi."

Wanawake walimfikia Philomena, wakamshika mabegani. "Pole, mayu. Pole sana." Mmoja akaingia ndani kuleta godoro, maana mfiwa hakai kwenye udongo, akatoka mikono mitupu. "Godoro la huyu mama liko wapi?" Liko kwenye Fuso, akaambiwa, limetandikwa humo tayari. Wanawake watatu walipanda juu ya Fuso bila kumwomba mtu ruhusa, wakalivuta, wakalitandika uani, wakamkalisha. Jakuzi, lililokuwa bado mabegani mwa vijana, likabaki bila mahali pa kulala.

Mzee Wiliam, kiongozi wa sungusungu, alisogea na fimbo yake. Masikio yake yalikuwa yanachagua la kusikia.

"Marehemu ni nani?"

"Mwulizeni anayemsafirisha," alisema Philomena.

"Hakuna marehemu, Mzee!" alisema Ngassa. "Shikamoo. Hakuna msiba hapa. Hili ni jakuzi."

"Marahaba. Jakuzi ndiye nani?"

"Jakuzi, Mzee! Jakuzi!"

"Nimesikia. Jakuzi wa ukoo gani?"

Watu walisubiri jina la ukoo ili wajue waanze kulia vipi. Ngassa alilivuta turubai kwa hasira, likaanguka.

"Yala!" alisema Euphrasia. "Si lile josho!"

Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya vijana waliobeba watetemeke, ikabidi waliweke chini haraka, na Ngassa akarukia kushika ukingo akipiga kelele taratibu, taratibu. Kina mama waliokuwa wamelia kwa dhati walifuta machozi wakacheka nayo hayo hayo. Mtu mmoja akauliza kama huko Chato kupe ni wengi. Mwingine akataka kujua kama Mariana anaogeshwa kila wiki au anasubiri bwana mifugo.

"Kwa hiyo mnaona," Ngassa alisema, "mmekuja bure. Rudini makwenu."

Mzee Wiliam hakucheka. Alikuwa ameshafika kwenye tundu, anautazama mtambaapanya.

"Bartholomeo, sisi hatuji bure. Watu wameacha palizi. Kuna majembe hapa, kuna maji, kuna unga unasongwa. Tulikuja kuchimba." Aliwageukia wanaume. "Chimbeni udongo. Huyu mama ana shimo, ila si la kuzikia."

Ndivyo msiba ulivyogeuka ujenzi. Waliotaka kuchimba kaburi walichimba udongo wa kujengea, maji ya kuoshea maiti yakauponda, na vijana wa duara, ambao Masudi alishawaambia hawaendi popote mpaka wenyeji watawanyike, walivua mashati wakapanga matofali waliyoyaangusha asubuhi. Wanawake waliuzoa mpunga kutoka kwa kuku. Philomena alitaka kuinuka asaidie. Euphrasia akamkandamiza bega.

"Kaa hapo. Wewe ni mfiwa."

"Nimefiwa na nani sasa?"

"Utachagua."

Ngassa hakugusa tofali. Alisimama jua lote mkono mmoja juu ya jakuzi, kama mchunga ndama mnadani, akiwaambia watoto wasilichezee.

Ukuta ulipanda vizuri mpaka usawa wa dirisha, ukaishia hapo. Nyundo ilikuwa imeyasaga matofali mengi kuliko ilivyohitaji, na mapya hayakuwepo. Mzee Wiliam akaagiza turubai lifungwe sehemu iliyobaki, lile lile la kulikinga jakuzi na jua, na kigogo kikasimikwa chini ya mtambaapanya. Ngassa alisema turubai ni lake. Hakuna aliyemsikia, siku hiyo masikio ya kijiji kizima yalikuwa kama ya Mzee Wiliam.

Watu walikula ugali. Wakiondoka, mmoja mmoja alimwinamia Philomena akasema pole, ingawa sasa wote walijua hakuna aliyekufa. Masudi naye alikuja, akachuchumaa mbali kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Pole kwa yote."

"Marahaba, mwanangu. Endesha salama, umebeba mtu mkubwa."

Ngassa alipanda nyuma. Kwa kuwa godoro halikuwepo, alivua koti lake zuri akalitandika chini ya jakuzi, na kwa kuwa koti halikutosha, akaingia mwenyewe ndani kulituliza lisirukeruke. Ndivyo alivyotoka Samuye, kichwa chake kikionekana juu ya ukingo. Habari zilizofika baadaye zinasema jakuzi lilifika Chato salama kabisa, bila ufa wala mkwaruzo. Asifiwe.

Mvua zilianza muda si mrefu. Turubai linashika, ila upepo wa ziwani ukija linapiga kelele usiku kucha na maji yanapenya pembeni, na Philomena amesogeza godoro ukuta wa pili. Hana haraka ya kuwaomba tena majirani. Wao wamemaliza sehemu yao. Ukuta kuanzia dirishani hadi kwenye paa bado unadaiwa, na anayedaiwa ni Bartholomeo Ngassa. Anadaiwa pia pole, neno moja tu, ambalo siku ile lilitolewa na Samuye nzima na dereva mgeni wa Tanga, na yeye peke yake akaondoka nalo bila kulisema.