Walipata Alama, Kisima Hakikupata Majibu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Segese, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Philomena Maige ameinamia beseni, anakoroga matope yenye zebaki kwa mikono mitupu. Hatua sitini kutoka hapo, bintiye Nelly, mwenye mimba ya miezi sita, anachota maji ya kunywa kisimani. Kisima kingine kiko kilomita saba.

Philomena, miaka 47, anachenjua marudio, yaani mchanga ambao wengine wameshauosha. Siku nzuri anapata shilingi elfu nane. Siku mbaya anaambulia maumivu ya mgongo. Kazi haimkasirishi. Kinachompandisha hasira ni chuo kikuu.

Mwaka jana, wanafunzi kumi na mmoja wa afya ya mazingira walifika na mhadhiri wao. Somo lao linataka wajifunze huku wakiitumikia jamii, na huduma waliyoahidi ilikuwa moja tu: kupima kama kisima kimeingiwa na zebaki. Philomena aliacha kazi siku tatu akawatembeza, akawapikia ugali na mlenda. Walijaza maji chupa ishirini na nne, wakasema majibu yatarudi baada ya wiki mbili.

Kabla ya kuondoka walimpa fomu ya kuwatathmini. Swali la tisa liliuliza kama jamii imepewa majibu. Akatia vema kwenye "ndiyo", akasaini.

"Wameniambia wanaleta, sasa nianze kuwaandikia hapana? Yaya, haiwezekani! Watoto wa watu, wamekula kwangu. Mgeni unamuagaje na sifuri?"

Wanafunzi walipata alama zao. Majibu hayakuja. Mwenyekiti wa kitongoji, Sostenes, alipiga simu chuoni mara tano bila kupokelewa. Mara ya sita akaambiwa faili limefungwa: majibu yalishafikishwa, na ushahidi ni saini ya Philomena.

Huu ni uhuni, na hauna jina lingine. Mama amewastahi wageni wake, nao wameugeuza ustaarabu wake kuwa kufuli la kumfungia nje.

Mwandishi alipompigia mhadhiri, alijibu kwa furaha kabisa: "Tathmini ya jamii ilikuwa nzuri sana." Na zebaki je? Akasema yuko kwenye kikao.

Jumatatu wiki hii kundi jipya limeingia, na chupa mpya. Kiongozi wao, binti anayeitwa Blessing, alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za mwaka jana zilisemaje?"

Blessing aliwatazama wenzake. "Mama, hatukuambiwa kama kuna za mwaka jana."

Philomena hakumfokea. Alimpa kigoda, akamletea kikombe cha maji ya kisima kile. Binti alikipokea kwa mikono miwili, akakishika muda mrefu, kisha akakiweka chini bila kunywa.

"Umeona?" Philomena akamwambia. "Nelly anakunywa hayo kila siku."

Blessing alilia. Chupa zilirudishwa kwenye gari zikiwa tupu.

Alhamisi, Philomena na Sostenes watapanda basi kwenda chuoni, na Blessing ameahidi kuwapeleka hadi mlango wa darasa. Nauli ametoa Philomena mwenyewe, kazi ya siku nne.

"Sitaki pole yao," anasema. "Nitasimama mbele ya wanafunzi wote nimuulize mwalimu wao swali moja: mwanangu anywe, au asinywe?"