Asiyekula Wali Hajala

Mume wangu Amuri ni dereva wa lori, na tumbo lake linajua kusema uongo. Juzi nilisafiri naye mara ya kwanza, kutoka Kindu mpaka Kampene. Kabla ya Kalima tulikuwa tumeshamaliza fufu na samaki wa moshi. Kalima tukala mihogo na karanga. Mbele lori likakwama matopeni. Abiria wakasukuma, yeye akatafuna ndizi za kuchoma, eti usukani hauachwi peke yake.

Jioni tukafika Kampene, kwa mama Josiane, mwenyeji wake wa siku nyingi.

"Papa Amuri, umekula?"

"Hapana, mama. Tangu asubuhi."

Nikafungua mdomo nimuumbue. Halafu nikakumbuka alichonisimulia. Wakati wa vita alisukuma baiskeli ya chumvi kwenye barabara hii siku kumi na moja, akila mihogo mitupu. Mama huyuhuyu njo alimuuliza swali lilelile, akampa wali. Na kwetu Maniema, asiyekula wali hajala.

Sahani ikaja, mvuke unapanda, sombe ya majani ya mihogo pembeni.

"Na wewe, mama?"

"Hata mimi," nikasema. "Tangu asubuhi."