Siku Mama Alipopanda Treni ya Wageni

Ofisa wa uhamiaji aliifungua pasipoti ya Mama, akaigonga muhuri, akamrudishia. Mama hakuondoka. Alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki wenye karatasi zote za maisha yake: kadi ya chakula ya kambi ya wakimbizi, kadi zetu za chanjo, barua za kuhamishiwa Marekani. Alisimama akisubiri kuulizwa. Nikamgusa bega nikamwambia twende, mtu ameshamaliza.

"Hataki kujua nimetoka wapi?"

Nikamjibu kwamba ofisa ameona tumetoka Louisville, inatosha. Mama alitembea huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache, kama mtu anayetegemea kuitwa. Tulipofika nje, kwenye jua kali la Uhispania, akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka dada yangu akamuuliza kama anajisikia vizuri.

Safari ile ililetwa na mdogo wetu wa kiume. Anasoma Columbus, amepanga chumba karibu na chuo, na utafiti wake ni wa magonjwa ya mihogo. Watafiti wenzake walikuwa wanakutana kwenye hoteli moja ya ufukweni, pwani ya Mediterania, naye aliitwa akazungumze. Dada yetu mkubwa aliposikia, alinipigia simu kutoka Buffalo akasema na sisi tunakwenda. Yeye anahudumia wazee majumbani. Alisema kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiwaogesha watu wanaomsimulia likizo zao za bahari hiyo, na sasa anataka kuiona kwa macho yake. Mimi nilikuwa na siku za mapumziko ambazo sikuwahi kuzigusa kule ghalani ninakopakia vifurushi. Mama, ambaye anaishi nami Newburg, mtaa wa Louisville, alikubali kwa sababu moja tu: mwanawe wa mwisho atasimama mbele ya watu. Habari za bahari hakutaka kuzisikia.

Mama na maji hawapatani. Tukivuka daraja la mto Ohio hufumba macho hadi nimwambie tumefika ng'ambo. Mwaka mmoja tulikwenda Buffalo kumtembelea Dada, akatupeleka kuliona ziwa, Mama akabaki garini, tena akaomba gari ligeuzwe lielekee barabarani. Sisi watoto tulijua sababu, au tulidhani tunaijua. Tulipokimbia Burundi tulivuka ziwa Tanganyika kwenda Tanzania kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Mimi sikuwa nimetimiza mwaka, Dada alikuwa na miaka minane, mdogo wetu alizaliwa baadaye kambini. Basi tulisema Mama aliogopa siku ile na hofu haijamtoka, tukaacha hapo.

Chumba chetu kilikuwa na roshani inayotazama bahari. Mama alikigeuza kiti chake kikaelekea mlangoni, na kwa siku mbili za kwanza aliijua bahari kwa sauti tu. Dada hakutulia. Alikuwa na kipeperushi cha hoteli chenye orodha ya vitu vya kufanya, naye alivifanya kimoja baada ya kingine huku akinikokota: soko la Jumamosi ambako alinunua kofia tatu, mazoezi ya majini pamoja na bibi wa Kijerumani, bwawa lenye mabomba marefu ya kuteleza ambayo nilishuka nikipiga kelele hadi nikapoteza sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nyumbani Dada ni mtu wa kulala akiwa na sare ya kazi.

Siku ya tatu alitaka boti yenye sakafu ya kioo, ambayo huwachukua watu kwenda kutazama samaki kwenye majabali. Mdogo wetu alikuwa mkutanoni. Mama alisema atatusubiri kwenye benchi karibu na kibanda cha aiskrimu, akakaa akiipa bahari mgongo, na mkoba wake mapajani. Tukamwacha na maji ya kunywa, tukaondoka kwa saa moja na nusu.

Tuliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Kwanza tulidhani amekwenda msalani. Hayupo. Msichana wa aiskrimu aliinua mabega. Dada alikwenda mbio hotelini, akarudi akitikisa kichwa. Mama hana simu inayofanya kazi nje ya Marekani, hajui Kihispania, na Kiingereza chake ni cha salamu na cha duka la vyakula. Dada akamkimbilia mwokoaji aliyekaa kwenye kiti kirefu. Mimi nikaanza kutembea ukingoni mwa maji, nikimtazama kila mwanamke mweusi, kisha kila mwanamke, kisha maji yenyewe. Sikutaka kuyatazama lakini macho yalikwenda huko. Nilijiambia Mama hawezi kuyakaribia, halafu nikajiambia kwamba sijui Mama anaweza nini.

Sijui nilitembea muda gani. Nilisikia kengele barabarani nikageuka. Ilikuwa treni ndogo ya matairi inayowazungusha wageni mjini, imejaa wazee wenye kofia, na kwenye behewa la mbele, karibu kabisa na dereva, alikaa Mama na kitenge chake, anakula aiskrimu. Nikakaa mchangani. Dada alimfikia kabla yangu, akamkumbatia, akamgombeza, akamkumbatia tena.

Mama alieleza kwa utulivu. Alichoka kukaa. Aliona watu wazima wenzake wanapanda, naye akapanda. Treni ilikwenda hadi juu kwenye ngome ya zamani, wakashuka, mama mmoja akamshika mkono kwenye ngazi, na huko juu hapakuwa na pa kugeukia. Bahari ilikuwa kila upande. Akaitazama. Alipomaliza kuitazama akapanda tena treni, na dereva akakataa nauli yake. Walikuwa wamezunguka mara mbili.

Asubuhi iliyofuata aliniamsha mapema akaniambia nimsindikize. Tulikwenda hadi mchanga unapolowa. Akavua viatu, akanishika mkono kwa nguvu, maji yakamfika vifundoni. Halafu akaniambia, bila kunitazama, kwamba si mtumbwi uliomfanya aogope maji.

Tulikuwa tumejificha kwenye matete kando ya ziwa kutwa nzima, tukisubiri mwenye mtumbwi. Wanajeshi wakapita karibu. Mimi nikaanza kulia.

"Nilikuziba mdomo," akasema. "Nilikuziba mpaka ukanyamaza. Walipoondoka nikatoa mkono, ukawa umelegea kama nguo. Nilikubeba hivyo hadi kwenye mtumbwi. Nilijua nimekuua."

Katikati ya ziwa mtu mmoja alichota maji akaninyunyizia usoni, nikapiga chafya, nikalia, na abiria wote wakafurahi. Yeye hakufurahi. Alisema kila anapoona maji mengi anauona mkono wake.

Nilimwambia nina miaka zaidi ya thelathini, napumua, juzi nimepiga kelele kwenye bomba la kuteleza hadi watu wakanicheka. Nilimwambia angechelewa kuniziba tusingekuwepo hata mmoja. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anakagua mtoto mgeni. Kisha akasema ana njaa. Alikula mayai, mkate, tikiti maji, akarudi kuongeza mayai.

Mchana huo mimi na Dada tulikodi kiboti cha kukanyaga kwa miguu kama baiskeli. Tulipokuwa mbali kidogo na watu nikamwambia. Aliacha kukanyaga.

"Nilikuwepo," akasema. "Niliona. Nilidhani Mama amesahau, nikaogopa kumkumbusha."

Aliona akiwa na miaka minane, akabeba peke yake, na Mama akabeba peke yake, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Dada alilia kidogo, akajifuta kwa moja ya kofia zake tatu. Tulirudi ufukweni akaenda moja kwa moja kwa Mama. Sikuwafuata. Niliwaona kwa mbali wameinamiana, wanaongea Kirundi, halafu Mama anampiga Dada begani na wote wawili wanacheka.

Siku ya mwisho mdogo wetu alizungumza ukumbini. Mama alikaa mstari wa mbele na kofia ya kuazima, hakuelewa Kiingereza cha mihogo hata kidogo, akapiga makofi mahali pasipotakiwa, na watafiti wote wakamfuata kupiga.