Mulenga Alisikia Ile Kaseti Yote

Bamama ba samaki ba pa Nchelenge balicheka mupaka moja akaanguka juu ya kitunga yake ya dagaa ya chisense, na miye nilikuwa nasimama katikati yao na radio mu mikono, na mule mu radio ilikuwa sauti yangu mwenyewe inasema kwa nguvu: "Mwizi ya motere amejulikana!" Nasema wazi, ile haya ingali inaniuma, hata leo nikienda pa bandari napitia nyuma ya mabanda.

Miye ni Kasongo, mutu ya ngambo, vita njo ilinivusha ziwa mwisho ya miaka ya tisini, na masomo yangu iliishia darasa ya ine. Nilipata kazi kwa radio moja ya jimbo, kwa saa yao ya Kiswahili: kutafuta mambo yenye batu banaficha, nani anavua wakati ya kukatazwa, nani anavusha mafuta bila ruhusa. Mwenye kutafuta ni miye, lakini mwenye kusema kwa radio ni Mulenga (simwite Ba Mulenga, heshima ilikwisha), kijana ya pale pale, mwenye pikipiki ya kazi na koti ya ngozi hata mu jua kali. Namuletea habari leo, kesho naisikia: "Ni miye Mulenga, nimechunguza." Umechunguza nini? Umechunguza Kasongo! Bamama banamuchagulia samaki zenye mafuta, zile banaita pale, miye bananipatia samaki yenye macho imeingia ndani. Na hata kwangu, bibi yangu Mama Feza anazima jiko ya primusi juu asikie muzuri: "Nyamazeni, Ba Mulenga anasema!" Mu nyumba yangu! Ugali yangu inangojea mudomo ya mwanaume mwingine!

Bon. Ile wakati motere ya mashua ya dispensere iliibiwa, bagonjwa ba ku visiwa bakabaki bila kuvuka. Nikajiapia: hii habari, Mulenga hatanipokonya. Nikakamata mashine ya kurekodi, nikaenda pa kilio ya muvuvi moja, maana pa kilio batu banasema mingi, na pale nikasikia, mu Kibemba, muzee Chola anamuuliza Chisenga, muvuvi mwenye heshima, mbele ya batu bote:

"We mwizi, motere ya dispensere uliweka wapi?"

"Niliuzisha ku Pweto," Chisenga anajibu, hata hafichi. "Na ndugu zako njo balibeba!"

Banacheka. Nikawaza: angalia roho ya hawa batu, banacheka wizi mbele ya maiti! Nikarekodi yote nyuma ya uzio ya lupango. Mutu mwingine angeuliza jirani. Miye nilikuwa nawaza tu vile Mama Feza atazima primusi juu yangu.

Mulenga akasikiliza ile kaseti yote, mwanzo mupaka mwisho, amefunga macho. Akanipiga pa bega: "Ba Kasongo, leo umenipita. Hii useme weye mwenyewe."

Nikasema mu kaseti, nikataja na jina ya Chisenga! Na nikaita soko nzima ije kusikia!

Pale pa soko njo nilifundishwa, bamama bangali banapanguza machozi ya kicheko, kama Chola ni mutu ya ukoo ya Samaki, na Chisenga ni ya ukoo ya Ng'andu, ni kusema mamba, na mamba anakula samaki, njo maana tangu bankambo ba zamani hizi koo mbili ni banungwe, ni kusema batani: banatukanana pa kilio, banaitana bezi, balozi ba uchawi, na hakuna kukasirika, njo dawa yao ya kutuliza machozi. Kila mutoto ya pa Nchelenge anajua. Chola mwenyewe alikuwa pale anashika mbavu: "Kasongo, kwa nini hukusema na vile nilimwita mulozi?"

Kisha Chisenga akatokea, na kicheko ikakufa.

"Samaki anaweza kuniita mwizi, ni haki yake," akasema polepole. "Weye, Kasongo, ni nani kwangu? Bakwe bangu ku Chienge bamesikia."

Nikazima radio. Kesho yake radio ikaomba pardon, na mara ya kwanza mu maisha yangu jina yangu ikatajwa mule, na ya baba yangu pamoja: "mutu ya ngambo mwenye kutudanganya." Mwenye kusoma? Mulenga. Na Mama Feza alizima primusi. Kazi ikaisha. Nikapeleka kuku kwa Chisenga, nikapiga magoti; akapokea kuku, kiti hakunipa.

Leo Mulenga ni mukubwa ya ile radio yote, na miye nauzisha chumvi. Nimejifunza: maneno ya kilio, uulize kwanza nani ni nungwe ya nani. Hiyo kosa ni yangu, nimeimeza. Na ya Mulenga nani atameza? Mulenga, mama yako ni mutu ya Samaki, na huku ukoo inafuata mama: weye ni Samaki kama yeye. Tangu utoto ulimwita Chisenga mwizi mara ngapi? Sitaki pardon yako. Ingia mu ile radio, na ile sauti yako nzuri, ujibu mbele ya bamama ba samaki: ulijua, ao hukujua?